Kuhamisha na kurefusha winchi ya makontena mpaka Mwanza: maoni yangu juu ya mafundi tuliowapa kazi

Mafundi hawa nawapa nyota nne kati ya tano, na ile waliyoikosa nitaieleza mbele. Kazi tuliyowapa ilikuwa kubomoa winchi ya makontena iliyokuwa imesimama kwenye yadi moja ya Pwani iliyofungwa, kuisafirisha hadi Mwanza, kuirefusha miguu, kuisimamisha kwenye yadi yetu upande wa Igogo na kutukabidhi ikiwa inafanya kazi. Jina la kampuni siliandiki kwa sababu mwenye yadi hakuridhia, na mimi ni mwajiriwa wake. Lakini kazi yenyewe nimeisimamia tangu mwanzo, na nitaieleza kwa kirefu ili hata ukimwita fundi mwingine kabisa ujue umuulize nini.

Mimi ni msimamizi wa yadi. Nilianza kama karani wa mizigo bandari ya Mwanza Kusini, nikihesabu mabehewa yanayoingia kwenye MV Umoja kuvuka ziwa kwenda Port Bell, Uganda. Kwa hiyo mizigo mizito naijua kwa macho na kwa karatasi. Yadi yetu inahudumia zaidi makontena ya baridi ya minofu ya sangara. Kontena linatoka kiwandani limejaa, linachomekwa umeme, linasubiri hati zake, kisha linapanda lori kwenda Dar es Salaam au Mombasa. Mengi ni ya futi 40, yale marefu kwenda juu, yenye kimo cha mita 2.9 badala ya mita 2.59 za kontena la kawaida. Tulikuwa tunayanyanyua kwa mashine ya matairi, ile yenye mkono mrefu. Mashine ile ikibeba kontena lenye mzigo, karibu uzito wote unalalia ekseli ya mbele, na ardhi yetu ikawa inachimbika kila masika. Vijana wanaofunga na kufungua kufuli za pembe walikuwa wanafanya kazi kwenye madimbwi, mashine inayumba pembeni yao. Hilo lilikuwa linaninyima usingizi.

Mzee, ndiye mwenye yadi, akapata habari za winchi ya reli inayouzwa. Miguu minne, mihimili miwili juu, inanyanyua tani 40 chini ya spreda, ile fremu inayoshika kontena kwa pembe zake, kutoka reli hadi reli mita 15, na mihimili inatokeza nje ya miguu pande zote mbili ili kontena lishushwe kwenye lori lililosimama pembeni. Uzito wake peke yake kama tani 95. Bei ilikuwa nzuri. Ila ilikuwa fupi kwa makontena yetu, na ilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja.

Waliotuletea bei walikuwa watatu. Wawili walituma kwa simu bila kufika. Mmoja wao aliniambia, "Mama, winchi ni bolti tu. Ukifungua huku, unafunga kule." Wa tatu ndio hawa. Injinia wao, mtu wa Tanga aliyefanya kazi ya kukarabati winchi za bandarini kwa miaka mingi, alifunga safari hadi Mwanza kabla ya kuandika hata shilingi moja. Aliamkia, akanywa chai, akaomba majembe na vijana wawili wa kuchimba.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaamini, na nitakaa kidogo kwenye jambo hili kwa sababu ndilo lililobeba kazi yote.

Anayeijua Mwanza anayajua mawe yetu. Unajenga nyumba, chumba kimoja kinakaa juu ya jabali na kingine juu ya udongo. Yadi yetu iko hivyo hivyo. Upande wa mlimani sululu iligonga jiwe kabla ya mita moja. Upande wa ziwani shimo lilishuka mita mbili na nusu kwenye kifusi kitupu: vipande vya matofali, nailoni, udongo mweusi wa kunata, kisha maji yakaanza kupanda kutoka chini. Injinia aliingia mwenyewe kwenye shimo lile, akabonyeza ukuta wake kwa dole gumba, akatoka na tope mpaka magotini. Akatuuliza maji yalifika wapi ziwa lilipopanda mwaka 2020 na tena 2024. Mlinzi wetu wa usiku, ambaye ni mwenyeji wa pale, akamwonyesha alama kwenye ukuta wa choo. Injinia akaipima na kuiandika.

Maelezo yake yalikuwa mepesi kufuata. Winchi ya reli haigawi uzito sawasawa. Kigari kinachobeba kontena kikitembea mpaka kutoka nje ya miguu upande wa ziwani, zaidi ya tani 100 zinalalia reli hiyo moja, kwenye magurudumu manne. Reli ya mlimani iko juu ya jiwe, haishuki. Ya ziwani iko juu ya kifusi, itashuka kidogo kidogo. Reli mbili zikishapishana kimo, winchi inatembea mshazari, kingo za magurudumu zinakula reli, miguu inajipinda kila safari, na mwisho chuma kinapasuka mahali ambapo hakuna anayepatazama. Kwa upana wa reli zetu alitaka umbali kati yake usipishane zaidi ya milimita tatu toka mwanzo hadi mwisho. Milimita tatu, kwenye ardhi ambayo lori letu lilikuwa linazama nusu tairi!

Akaandika barua kwamba hawatafungua bolti hata moja kule Pwani mpaka msingi wa reli uwe umejengwa na kupimwa. Mzee hakufurahi. "Mimi nimenunua winchi, sijanunua barabara," alisema. Injinia akamjibu kwa adabu kabisa: "Mzee, winchi inaishi kwenye reli yake. Reli ikizama nitakuwa nakuja kila mwaka kuchomelea nyufa na wewe utanilipa kila mwaka. Pesa hiyo siitaki." Walibishana mpaka jioni. Mzee akakubali.

Upande wa ziwani zikachimbwa nguzo za zege mpaka kwenye jiwe, juu yake ukalazwa mhimili wa zege wenye nondo, na mfereji wa kutoa maji pembeni. Upande wa mlimani jiwe lilichongwa na kusawazishwa. Zege likaachwa siku 28 kabla ya kubebeshwa chochote. Mkandarasi wa ujenzi tulimtafuta wenyewe, lakini Injinia alirudi kupima reli kwa mashine ya levo, na sehemu moja aliikataa ikarudiwa. Najua kuna watu watakaosoma hapa na kusema gharama ya msingi ilikaribia bei ya winchi yenyewe. Ni kweli. Na naiona kuwa pesa iliyotumika vizuri kuliko zote katika mradi huu.

Kubomoa nilikwenda kukushuhudia. Winchi iliyokaa karibu na bahari ina chumvi kwenye kila kiungo. Kabla ya kufungua kitu, kila ungio lilipigwa namba kwa patasi pande zote mbili, na picha ikapigwa. Kisha wakaanza kukagua weldi, na hapa naomba nieleze nilichokiona kwa sababu wengi wetu tunaonunua mitambo iliyotumika hatujui kwamba kitu hiki kipo na si ghali.

Kwenye kona ambapo mhimili unakaa juu ya mguu walisugua rangi ya zamani mpaka chuma kikang'aa. Wakapulizia dawa nyekundu, wakaiacha kama robo saa, wakaifuta kwa kitambaa mpaka ukadhani hakuna kilichobaki. Halafu wakapulizia poda nyeupe. Tukasimama kusubiri. Taratibu uzi mwekundu ukajichora wenyewe kwenye ile nyeupe, urefu wa kidole changu cha shahada, pembeni kabisa mwa weldi. Ni ile dawa iliyokuwa imejificha ndani ya ufa ikivutwa nje na poda. Fomeni akanisogeza karibu. "Mama, ona. Huu ungepakwa rangi mpya juu, winchi ingependeza, nanyi mngefurahi."

Nyufa za aina hiyo walizipata kwenye kona kadhaa. Chuma kinachonyanyua na kushusha mzigo miaka na miaka huchoka, na huanza kuchokea kwenye ncha za weldi. Hawakuchomelea juu juu. Walichimba ufa mpaka mwisho wake, wakapasha moto chuma kwanza, wakachomelea kwa tabaka, wakasaga, kisha wakapima tena kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kinachoona ndani ya chuma. Ripoti tuliipata ikiwa na picha ya kila kona kabla na baada. Muuzaji hakuwa ametuambia lolote kuhusu nyufa, na bila hawa tungezipandisha Mwanza pamoja na winchi.

Sasa kuhusu kurefusha. Nilidhani ni jambo la ajabu, kumbe bandari kubwa za dunia zinafanya hivyo kila mara. Winchi ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa makontena ilisimama Alameda, California, mwaka 1959, kazi ya kampuni ya Paceco kwa kampuni ya meli ya Matson. Miaka mitatu kabla yake meli ya Ideal X ilikuwa imebeba makontena 58 tu kutoka Newark kwenda Houston. Leo meli kubwa zinabeba zaidi ya 24,000 ya futi 20. Winchi ikitunzwa hufanya kazi miaka 25 au 30, lakini meli hukua kabla winchi haijazeeka, na bandari inajikuta na mtambo mzima ambao haufiki juu ya makontena. Kununua mpya ni pesa nyingi na kusubiri kwingi. Kwa hiyo wanaizungushia minara ya jeki, wanakata miguu, wanainyanyua winchi nzima ikiwa imesimama, wanachomeka vipande vipya vya mguu, wanachomelea. Mkono unaotokeza juu ya bahari nao unaweza kuongezwa urefu ili ufikie safu za mbali za makontena. Na ikiwa winchi inahama bandari, mara nyingi inapakiwa melini nzima nzima. ZPMC ya Shanghai, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1992, ina meli zake za kubeba winchi zilizosimama kuvuka bahari. Injinia alishawahi kufanya kazi za jeki za namna hiyo, na alizieleza mpaka vijana wetu wakasahau chakula.

Kwetu njia hiyo haipo. Hakuna meli ya bahari inayofika Ziwa Victoria, na kila kitu kikubwa kilichowahi kuelea hapa kilikuja vipande. MV Victoria tunayoijua wote ilijengwa na kampuni ya Yarrow kule Scotland, ikafunguliwa, ikaletwa kwa meli na reli mpaka Kisumu, ikaunganishwa upya, ikaanza kazi mwaka 1961. MV Mwanza nayo ilibidi ijengwe hapa hapa Mwanza Kusini mpaka ikashushwa majini Februari 2023. Basi na winchi yetu ilikuja hivyo hivyo.

Kwa kuwa miguu ilikuwa imelazwa chini, Injinia alisema hakuna sababu ya kuirefusha angani. Weldi inayochomelewa kitu kikiwa kimelala, fundi akiwa amekaa vizuri na karakana ina paa, ni weldi bora kuliko ya kuning'inia. Kila mguu uliongezwa mita 2.9, kimo cha kontena moja la aina yetu, ili tupange matatu na bado la nne lipite juu. Walikata karibu na chini ya mguu, mbali na bega ambapo mguu unakutana na mhimili, kwa sababu begani ndipo nguvu ya kuupinda mguu ni kubwa zaidi. Ndani ya ungio waliweka bamba la kuishika weldi. Kila weldi ilipimwa kwa mawimbi ya sauti, yote, bila kuchagua.

Nilimuuliza swali lililokuwa moyoni: ikiwa ndefu zaidi, haitaanguka? Sisi wa Mwanza tuliuzika msiba wa MV Bukoba, meli iliyopinduka ziwani Mei 21, 1996, na hatuchukulii kirahisi uzito uliokaa juu. Hakunijibu kwa kunituliza. Alifungua kompyuta akanionyesha hesabu. Winchi ikipanda, upepo unapata mkono mrefu wa kuisukuma, kitovu cha uzito kinapanda, na mtambo unayumba zaidi kigari kinapofunga breki. Hivyo walipunguza kasi ya kigari, wakaongeza vibano vinavyoshika reli, wakaweka pini za dhoruba za kuiegesha winchi kila inapomaliza kazi, na kipima upepo chenye king'ora. Upepo ukifika mita 20 kwa sekunde, kazi inasimama na winchi inakwenda kwenye pini zake. Anayekaa ufukweni huku anajua dhoruba za ziwa zinavyokuja alfajiri bila hodi. Pini zile tumeshazitumia kweli kweli.

Safari ya barabarani nitaipita haraka. Mihimili ya mita 24 haikai kwenye tela la kawaida, kwa hiyo kulikuwa na lobedi, yaani tela refu la chini, vibali vya mzigo usio wa kawaida, gari la kutangulia na la kufuata, na mizani njia nzima. Morogoro, Dodoma, Singida, mteremko wa Sekenke ambao walishuka kwa mwendo wa kutembea, Nzega, Shinyanga, mpaka hapa. Hakuna kilichopinda na hakuna bolti iliyopotea. Vibali vyote walikuwa navyo mkononi, jambo ambalo madereva wa lori watanielewa.

Kuisimamisha walitumia kreni mbili za magari. Kila asubuhi Injinia aliangalia maji ya ziwa kabla ya kuangalia kreni. Asubuhi huwa tulivu, upepo wa ziwani huanza kuvuma mchana, na yeye mihimili yote aliinyanyua kabla ya saa nne. Zilianza boriti za chini pamoja na magurudumu, kisha miguu ikasimamishwa na kushikiliwa kwa waya pande zote, timazi ikaning'inizwa, ndipo mhimili wa kwanza ukapanda. Kreni mbili zikinyanyua kitu kimoja, moja ikitangulia kidogo nyingine inabebeshwa mzigo isioujua, kwa hiyo mpiga ishara alikuwa mmoja tu na redio zote zilinyamaza isipokuwa yake. Hata Mzee alipotaka kusema jambo, fomeni alimwinulia kiganja. Mzee alinyamaza.

Bolti zilikazwa kwa spana ya kipimo, na kila nati ikachorwa mstari mweupe unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Sasa mtu wetu akipita na tochi anaona mara moja ikiwa nati imezunguka, maana mstari utakuwa umekatika. Jambo dogo, gharama yake kopo moja la rangi, nami nimelianzisha kwenye mitambo yetu mingine yote.

Jaribio la mzigo ndilo lililonimaliza wasiwasi. Winchi ya tani 40 inajaribiwa kwa asilimia 125 ikiwa imesimama, yaani tani 50, kisha kwa asilimia 110, tani 44, ikitembea na kufanya kazi zote. Walitumia matofali makubwa ya zege, na kila tofali lilipelekwa kwanza kwenye mizani, likaandikwa uzito wake kwa rangi. Hakuna kukisia. Mzigo uliponyanyuliwa sentimita chache tu kutoka chini, katikati ya mihimili ilishuka milimita 13. Tukausubiri hapo hapo unaning'inia. Uliposhushwa, walipima tena, na mihimili ikawa imerudi palepale ilipokuwa. Fomeni alinieleza kuwa kurudi kule ndiko kunakotafutwa: ingebaki chini hata milimita chache, maana yake chuma kimejipinda moja kwa moja na kazi ingeanza upya. Mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, alikuwepo, akaangalia kila kitu ikiwemo waya, kulabu na swichi za ukomo, ndipo cheti kikatoka.

Sasa nyota waliyoikosa. Upande wa chuma hawa ni mabingwa. Upande wa umeme na injini ni kama kampuni nyingine kabisa.

Jenereta waliyoleta ilichaguliwa kwa hewa ya Pwani. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini ya dizeli huku haipati hewa ile ile. Opareta alipokuwa akinyanyua kontena zito huku winchi inatembea, jenereta ilikuwa inazama mlio, taa zinafifia, na vidhibiti vya kasi vinajizima mzigo ukiwa juu. Breki zilishika kila mara, namshukuru Mungu na nawashukuru waliozifunga, lakini kontena lililosimama hewani juu ya watu si jambo la kuzoea. Niliamuru kila mtu atoke chini na kazi ifanyike tendo moja moja mpaka litatuliwe. Walichukua muda kukiri kwamba tatizo ni lao. Barua zilikwenda na kurudi. Mwisho walibadilisha jenereta kwa gharama yao, na hiyo ndiyo sababu sijawanyima nyota ya pili.

Halafu wadudu wa ziwani. Mawingu yale yanayopanda kutoka majini yakija upande wetu, yanaingia kila mahali penye feni. Makabati ya umeme yalikuwa na vichujio vya kawaida tu, vikaziba usiku mmoja, na rejeta ya jenereta ikajaa mpaka haipitishi upepo. Injinia aliyepima mpaka alama ya maji kwenye ukuta wa choo hakumtuma mtu wa umeme kuuliza wenyeji. Wavu tulioweka sasa ni wa fundi wetu wa Mabatini, unavuliwa na kukung'utwa kila asubuhi, na unafanya kazi.

Michoro ya umeme nayo ilichelewa sana. Winchi imekabidhiwa, inafanya kazi, na fundi wetu hana ramani ya waya! Hitilafu ndogo ya swichi moja ilitugharimu siku nzima ya kufuata nyaya kwa mkono huku makontena ya samaki yakisubiri. Ukifanya kazi na hawa, andika kwenye mkataba kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka michoro iwe mezani. Sisi tulilipa kwa hatua: sehemu kabla ya kubomoa, sehemu mzigo ulipofika, sehemu baada ya kusimama, na asilimia kumi baada ya jaribio. Hiyo kumi ingefaa kungoja michoro.

Mafunzo ya opareta yalikuwa mazuri mno. Opareta wetu mkuu, binti wa Magu aliyeanza na ile mashine ya matairi, alikaa na mwalimu wao kibandani mpaka akaweza kulituliza kontena linalobembea kwa kukifuatisha kigari taratibu, bila kushika breki kwa pupa. Sasa yeye ndiye anayewafundisha wenzake. Vijana wa chini nao walifundishwa ishara za mikono na mahali pa kusimama, na mistari ya njano ikachorwa ardhini. Ardhi ni kavu sasa. Hakuna anayefungua kufuli akiwa kwenye tope.

Walirudi wenyewe baada ya miezi mitatu kukaza bolti na kupima reli, kama mkataba ulivyosema, bila kupigiwa simu. Reli ya ziwani haijashuka.

Bei yao ilikuwa ya juu kuliko zile mbili nyingine, na ukiongeza msingi tofauti inakuwa kubwa zaidi. Mwenye haraka au mwenye mtaji mdogo atashawishika na yule wa "bolti tu". Ushauri wangu ni huu: yeyote utakayemchukua, kabla hajataja bei mwambie aje achimbe shimo pande zote mbili za reli mbele yako, na mwombe akuonyeshe ripoti ya nyufa ya winchi nyingine aliyoihamisha. Mwulize jenereta yake imepimwa kwa mita ngapi juu ya bahari. Na kama ni hawa hawa, waite mapema ili zege limwagwe na kukauka kati ya Juni na Agosti, maana vuli ikianza shimo la upande wa ziwani linajaa maji usiku na pampu haizimwi.